Mimi Ni Nani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Advaita na Mafundisho ya Ramana Maharshi

Wengi siku hizi hukutana na mafundisho haya kwenye video fupi. Mtu ameketi kitini, anatabasamu, anasema "wewe tayari ndicho unachokitafuta", na video inakwisha. Anayetazama hubaki na maswali mkononi. Hapa tumejibu yale yanayojirudia zaidi, na tumeyajibu kupitia mtu mmoja, Ramana Maharshi wa kusini mwa India, kwa kuwa mazungumzo yake yaliandikwa na waliokuwepo, na maisha yake yalikuwa wazi kwa kila aliyetaka kuyaona.

Advaita ni nini?

Ni mkondo wa fikra ndani ya dini ya Kihindu, unaofundisha kwamba uhalisi ni mmoja, hauna wa pili. Kile kilicho ndani yako kabisa huitwa atman. Kile kinachobeba vitu vyote huitwa brahman. Advaita inasema hivyo si viwili. Haisemi vinafanana, wala kwamba kimoja ni kipande cha kingine. Inasema ni kitu kilekile.

Chimbuko ni Upanishad, maandiko yanayofunga Veda, vitabu vitakatifu vya kale vya Wahindu. Katika Chandogya Upanishad kuna kijana aitwaye Shvetaketu, aliyeondoka nyumbani kwenda kusoma akiwa na miaka 12 na kurudi akiwa na 24, amejaa elimu na majivuno. Baba yake, Uddalaka, anamwambia atie chumvi kwenye maji usiku. Asubuhi anamtaka amletee chumvi ile. Haionekani. Basi onja juu, onja katikati, onja chini: kote chumvi. Ndivyo ulivyo uhalisi wa vyote, anasema baba, haushikiki lakini hakuna pasipokuwa nao, "na hicho ndicho wewe, Shvetaketu". Katika sura hiyo maneno haya yanarudiwa mara tisa, kwa mifano tofauti, kwa sababu kila mara kijana anasema: nieleze tena.

Aliyeyapanga mafundisho hayo yakawa mfumo ni Shankara, mzaliwa wa Kalady huko Kerala, ambaye wanahistoria wengi humweka karne ya 8. Aliandika fafanuzi za Upanishad, Brahma Sutra na Bhagavad Gita ambazo wanafunzi wa Advaita wanazisoma mpaka leo.

Ramana Maharshi alikuwa nani?

Alizaliwa tarehe 30 Desemba 1879 katika mji mdogo wa Tiruchuli, Tamil Nadu, akaitwa Venkataraman. Baba yake alifariki mwaka 1892, naye akapelekwa Madurai kuishi kwa baba yake mdogo. Alisoma shule ya misheni ya Wamarekani. Hakuwa mtoto wa kushinda hekaluni. Alipenda mpira na mieleka, na usingizi wake ulikuwa mzito kiasi kwamba wenzake walimbeba akiwa amelala, wakampiga wapendavyo, wakamrudisha kitandani, na asubuhi hana habari.

Kuanzia Septemba 1896 hadi kifo chake tarehe 14 Aprili 1950 aliishi Tiruvannamalai, chini ya mlima Arunachala, bila kuondoka tena. Jina la Ramana Maharshi alipewa mwaka 1907 na Ganapati Muni, bingwa wa Kisanskriti aliyekwenda kumwuliza maana ya tapas, yaani mazoezi makali ya kiroho.

Ni nini kilichompata mwaka 1896?

Katikati ya Julai, akiwa na miaka 16 na afya njema, alikuwa peke yake chumba cha juu katika nyumba ya baba yake mdogo. Ghafla ikamjia hofu ya kufa. Hakuita mtu wala daktari. Alijilaza, akanyoosha viungo vikakakamaa kama vya maiti, akafunga mdomo, akazuia pumzi, akajiuliza: haya, mwili umekufa, utachukuliwa uchomwe. Je, mimi nimekufa? Akaona kwamba bado kuna kitu kinachojua yote hayo, na kwamba kitu hicho hakikuguswa na ule mchezo wa kufa. Alisema baadaye kwamba ule utambuzi haukuondoka tena tangu siku hiyo.

Wiki kama sita zilizofuata shule ilimshinda. Tarehe 29 Agosti kaka yake alimkemea kwamba mtu wa namna yake hana haja ya vitabu, naye akaona ni kweli. Alisingizia ana kipindi shuleni. Kaka akamwambia achukue rupia tano akamlipie ada ya chuo. Alichukua tatu za nauli, akaacha mbili pamoja na barua. Barua hiyo inaanza kwa "mimi", katikati inajitaja kama "hii", na pale panapotakiwa jina la mwandishi pana mistari tu. Ukiuliza maoni yangu, hiyo barua ya kijana wa miaka 16 inafundisha zaidi kuliko mihadhara mingi niliyowahi kuisikia.

Mwanzo wa maisha yake Tiruvannamalai haukuwa wa kupendeza. Watoto walimrushia mawe hekaluni, akahamia pango la chini ya ardhi liitwalo Patala Lingam, wadudu wakamla mapaja asijishughulishe. Mwaka 1898 mama yake, Alagammal, alimfuata na kumlilia arudi nyumbani. Alinyamaza, mwishowe akaandika kwenye karatasi kwamba lililopangwa litakuwa na lisilopangwa halitakuwa, hata mtu afanye nini. Mama akarudi mikono mitupu. Mwaka 1916 alikuja tena, safari hii kuishi naye, na hapo ndipo wafuasi walipoanza kupata chakula kilichopikwa sawasawa.

"Asili ya kweli" ni kitu gani hasa?

Ni kile kinachojua kwamba uko. Mwili unaujua, kwa hiyo mwili unaonekana kwake. Hofu unaijua, kumbukumbu unaijua, hata wazo "mimi ni mtu wa maana" au "mimi si kitu" unalijua likija na likiondoka. Advaita inauliza: huyu anayeyajua yote haya, yeye ana umbo gani, umri gani, kabila gani?

Watu hutarajia kitu kipya, nuru au furaha kubwa isiyowahi kuwapata. Ramana alisisitiza kinyume chake. Kilicho kipya kitachakaa, kilichokuja kitaondoka. Kinachotafutwa kipo sasa hivi unaposoma sentensi hii, tena kilikuwepo ulipokuwa na umri wa miaka mitano. Kinachozuia kisitambulike ni mazoea ya kuichukua hadithi ya huyu fulani bin fulani na kuiita mimi. Mazoea hayo tutayaita umimi.

Zoezi la "Mimi ni nani?" linafanywaje?

Mnamo 1902 mtumishi wa serikali aitwaye Sivaprakasam Pillai alipanda mlimani akiwa na maswali yake. Ramana wakati huo hakuwa akizungumza, akamjibu kwa maandishi. Majibu hayo yalichapishwa mwaka 1923 kwa jina la Nan Yar?, yaani Mimi ni nani?, kijitabu cha kurasa chache ambacho mtu anakimaliza kwa kikao kimoja na kukirudia maisha yake yote.

Maelekezo yenyewe ni haya. Wazo likizuka, usilifuate na usilifukuze. Uliza: limemzukia nani? Jibu ni dhahiri, limenizukia mimi. Hapo uliza: na huyu mimi ni nani? Usitafute sentensi ya kujibu. Geuza umakini umrudie yule yule anayejihisi "mimi", ukae naye. Wazo lile lililoanza litatulia lenyewe kwa kukosa wa kulishughulikia. Litazuka jingine. Uliza tena.

Tuseme umekaa na likaja wazo la deni unalodaiwa. Kwa kawaida akili hukimbia: nitalipaje, yule jamaa atanisema wapi, mwaka jana nilikosea nini. Nusu saa imekwisha na hujalipa hata shilingi. Katika zoezi hili, wazo la deni linapokuja unatazama limemjia nani. Unakuta kuna hisia fulani ya "mimi ninayedaiwa". Unaitazama hiyo hisia yenyewe. Inatoka wapi? Ukiitazama kwa karibu haishikiki. Kwa sekunde chache pana utulivu wa kuwa tu, bila deni na bila mdaiwa, na hujalala, uko macho kabisa. Sekunde hizo ndizo zoezi. Deni utalilipa mchana, na huenda ukalipanga vizuri zaidi.

Kosa linalotokea sana ni kujibu kwa kichwa. Mtu anauliza "mimi ni nani?" kisha anajijibu "mimi ni brahman", au "mimi ni fahamu isiyo na mwisho", kwa kuwa amesoma hivyo. Hilo ni wazo jingine tu, limevaa kanzu safi. Kosa la pili ni kuvutiwa na yanayotokea njiani: mwanga machoni, sauti masikioni, mwili kujisikia mwepesi. Ramana aliyajibu yote kwa swali lilelile: nani anayaona? Wengine wameshikilia maneno yake kwamba moyo wa kiroho uko upande wa kulia wa kifua, wakageuza zoezi zima kuwa la kutafuta mahali mwilini. Alilitaja hilo, ni kweli, ila hakulifanya kuwa mlango wa lazima.

Nirudie maneno hayo kama uradi?

Hapana. Ukirudia "mimi ni nani, mimi ni nani" mara elfu moja utachoka midomo. Swali ni la kukugeuza uangalie. Ukishageuka, maneno hayana kazi tena. Kwa wanaopenda uradi, Ramana hakuwakataza. Alipoulizwa na Ganapati Muni alimwambia atazame pale sauti ya mantra, maneno matakatifu yanayorudiwa, inapozukia, na alisema njia ya kujisalimisha kwa Mungu na njia ya kujichunguza zinafika mahali pamoja.

Nikijiuliza sioni kitu. Nafanya vibaya?

Nani haoni kitu? Samahani kwa jibu hilo, lakini ndilo alilolitoa yeye, na halikuwa mzaha. Ule utupu unajulikana. Kaa na kile kinachoujua.

Mbona usingizi unatajwa sana?

Kwa sababu ni ushahidi ambao kila mtu anao, tajiri na maskini, msomi na asiyesoma. Usiku, katika usingizi usio na ndoto, hakuna jina lako, hakuna kazi yako, hakuna mume wala mke, wala maumivu ya mgongo. Asubuhi unasema "nimelala vizuri". Hukusema "nilitoweka, nimeumbwa upya". Kwa hiyo kuna kuwepo kusikotegemea mambo tunayoyaita maisha yetu, na tunakufurahia kiasi kwamba tunanunua godoro zuri kwa ajili yake.

Mandukya Upanishad, yenye aya 12 tu, imejengwa juu ya uchunguzi huu: kukesha, kuota, usingizi mzito, na "ya nne", turiya, ambayo kwa hakika si hali ya nne inayofuata hizo tatu. Ni kile ambacho hizo tatu zinapita ndani yake. Ramana alitahadharisha kwamba kulala siyo kuamka kiroho. Usingizini umimi umezama, lakini mbegu yake ipo, ndiyo maana kengele ikilia unarudi na madeni yako yote. Kinachotakiwa ni utulivu ule ule ukiwa macho.

Ina maana dunia haipo?

Hapa ndipo watu wengi huachana na Advaita kwa hasira, na wengine huipenda kwa sababu mbaya. Mfano wa kale ambao Shankara aliutumia ni wa kamba na nyoka. Jioni unaona nyoka njiani, moyo unadunda, unarudi nyuma. Taa inaletwa: ni kamba. Nyoka hakwenda popote, hakufa, kwani hakuwepo kama nyoka. Lakini hofu yako ilikuwa ya kweli, na kitu kilikuwepo pale chini.

Vivyo hivyo dunia. Ikichukuliwa kuwa rundo la vitu vilivyotengana, kila kimoja kikijitegemea, na mimi mmojawapo niliyetupwa katikati yao, hiyo ndiyo inayoitwa maya. Ikichukuliwa kama brahman, ni halisi. Njaa inahitaji chakula. Aliyeumwa na nyoka wa kweli apelekwe hospitali, asisomewe Shankara.

Kuamka huja ghafla au polepole?

Kisa cha Ramana ni cha ghafla, ndiyo maana kimewapotosha wengi: kila mtu anangoja Julai yake. Nisargadatta Maharaj wa Mumbai, aliyezaliwa 1897 na kufariki 1981, alikutana na mwalimu wake Siddharameshwar mwaka 1933. Aliambiwa ashike hisia ya "niko" na kukaa hapo. Alisema ilimchukua kama miaka mitatu, huku akiuza bidi, sigara za Kihindi, dukani.

Mafundisho yanazungumzia vasana, mielekeo ya kale ya akili. Mtu anaweza kuona kwa dakika moja, waziwazi kabisa, kwamba yeye siye huyo aliyejidhania, na kesho yake akagombana na dereva wa basi kama kawaida. Mwono ule haukuwa uongo. Mielekeo bado ina nguvu, na kazi inaendelea. Mtu anayetangaza kuamka wiki moja baada ya mwono kama huo, mimi binafsi humsikiliza kwa sikio moja.

Aliyeamka hapatwi na ugonjwa, msiba, hasira?

Mwili haujui kama umeamka. Mwishoni mwa 1948 uvimbe ulitokea mkono wa kushoto wa Ramana, ukagundulika kuwa saratani. Ulikatwa mara nne katika mwaka 1949, ukarudi kila mara. Madaktari walipendekeza mkono wote uondolewe, akakataa, akisema mwili wenyewe ndio ugonjwa, uachwe umalizike kwa njia yake. Waliokuwa wakilia karibu naye aliwaambia: mnasema naondoka, nitakwenda wapi? Niko hapa.

Msiba je? Tarehe 19 Mei 1922, mama yake alipokuwa anakata roho, aliketi naye kwa saa nyingi, mkono wa kulia kifuani pake na wa kushoto kichwani. Ashram ya leo, yaani makao yake ya kiroho, ilijengwa kuzunguka kaburi la mama huyo. Kijana aliyemnyamazia mama akilia mwaka 1898 na mzee aliyemshika mpaka pumzi ya mwisho ni mtu mmoja. Anayedhani Advaita ni kukauka moyo ajaribu kuviweka visa hivyo viwili pamoja.

Usiku wa tarehe 26 Juni 1924 majambazi waliivamia ashram. Walimpiga pajani, akawaambia kama hawajaridhika wapige na mguu mwingine. Kijana mmoja wa pale alitaka kulipiza, akazuiwa. Majambazi waliondoka na vitu vya thamani ndogo.

Lazima niache kazi na familia?

Watu wengi walimwuliza hivi, na mara nyingi aliwazuia. Hoja yake: unayemkimbia utakwenda naye. Sasa unasema "mimi ni mwenye familia". Porini utasema "mimi ni mtawa". Umimi umebadili nguo. Kama wewe ni mama wa watoto watatu na unaamka saa kumi alfajiri, dakika zako tano kabla hawajaamka zinatosha kuanzia, na swali "limemjia nani?" halihitaji mkeka.

Kuna watakaosema: mbona yeye mwenyewe aliondoka? Kweli aliondoka. Alijibu kwamba yaliyompata hayakuwa uamuzi wa mtu anayepanga.

Kama yote ni moja, kuna haja gani ya wema?

Tazama alivyoishi. Aliamka usiku wa manane kukata mboga jikoni pamoja na wapishi. Akiletewa chakula maalumu alikataa mpaka kila aliyepo apate sawa. Nyani, mbwa na tausi walikuwa na haki zao pale, na ng'ombe aitwaye Lakshmi alipokufa mwaka 1948 alizikwa kwa heshima ndani ya ashram. Anayeona kwamba hakuna wa pili atamwibia nani?

Lakini nisipake rangi. Katika chumba cha kulia cha ashram Wabrahmini, watu wa tabaka la makuhani, waliotaka kushika miiko ya tabaka lao walikaa upande wao, wengine upande wa pili, na yeye akaketi mahali panapoonekana na wote. Wafuasi husema hakupenda kulazimisha mtu. Msomaji wa leo ana haki ya kuuliza kwa nini fundisho la kutokuwa na wawili liliachia pazia likae katikati ya sahani. Mimi jibu la wafuasi halinitoshi.

Mimi ni Mkristo au Mwislamu. Nikisoma haya nimetoka kwenye dini?

Ramana hakumtaka mtu abadili dini. Wakristo waliomtembelea aliwarudisha kwenye Biblia yao, na alipenda aya mbili hasa: "MIMI NIKO AMBAYE NIKO" ya Kutoka 3:14, na "Acheni, mjue ya kuwa Mimi ni Mungu" ya Zaburi 46:10. Bila shaka mapokeo ya Kanisa husoma aya hizo kama maneno ya Mungu kuhusu Mungu, si kuhusu msomaji. Mhubiri wa Kijerumani Meister Eckhart alisogea karibu sana na lugha ya umoja, na mwaka 1329, yeye akiwa ameshafariki, Papa Yohane XXII alitoa hati dhidi ya kauli zake 28.

Upande wa Uislamu mjadala ni wa kale na mkali vilevile. Al-Hallaj, sufi, aliuawa Baghdad mwaka 922, na kauli yake "Ana'l-Haqq", yaani "Mimi ndiye Kweli", bado inajadiliwa. Ibn Arabi, aliyezaliwa Murcia 1165 na kufariki Damascus 1240, ndiye anayehusishwa zaidi na wahdat al-wujud, umoja wa kuwepo. Ibn Taymiyya alimpinga vikali, na Ahmad Sirhindi wa India baadaye akasema ule umoja uko katika kushuhudia kwa mja, siyo katika kuwepo kwenyewe. Mtu wa pwani aliyekulia karibu na halaka za dhikri za Kadiria au Shadhilia huenda amelisikia neno fanaa, yaani nafsi kutoweka mbele ya Mungu, na msemo wa masufi kwamba ajuaye nafsi yake amemjua Mola wake. Msemo huo wanazuoni wa hadithi hawakubaliani kama ni wa Mtume.

Kwa hiyo jibu la uaminifu ni kwamba kuna mahali mafundisho haya yanagongana na itikadi ya kuwa Muumba na kiumbe ni wawili daima. Kujichunguza moyo ni jambo moja, kusema "mimi na Mungu si wawili" ni jambo jingine. Zungumza na padri, mchungaji au sheikh unayemwamini, tena yule aliyesoma, asiye mwepesi wa kupiga kelele.

Wahindi wote wanakubaliana na Advaita?

Hata kidogo. Ramanuja katika karne ya 11 na 12 alifundisha kwamba nafsi na ulimwengu ni mwili wa Mungu, haviyeyuki ndani yake. Madhva, katika karne ya 13, alikwenda mbali zaidi: Mungu na nafsi ni tofauti milele, na hoja zake dhidi ya Shankara hazina upole. Mamilioni ya Wahindu huabudu kwa njia hizo na wangeshangaa kuambiwa kuwa Advaita ndiyo dini yao.

Ni sawa na Ubudha?

Mazoezi yanafanana kwa sehemu, maneno yanatofautiana. Buddha alifundisha kwamba hakuna nafsi ya kudumu, Advaita inasema Nafsi ndiyo pekee iliyopo. Wapinzani wa Shankara walimwita Mbudha aliyejificha, jambo ambalo lingemkasirisha.

Walimu wa mtandaoni wanasema hakuna cha kufanya na hakuna wa kufanya. Je, ni kweli?

Kama mtu anayesema hivyo anasimulia anachokiona, huenda ni kweli kwake. Kama anakuuzia mafungo ya siku tano kwa dola mia kadhaa ili akwambie hakuna cha kufanya, fanya hesabu. Ramana aliposema kwamba tayari wewe ndiwe hicho, aliongeza mara moja: basi ondoa wazo kwamba siwe, na kuliondoa ndiko kujichunguza. Kifungu cha kwanza bila cha pili kinatoa usingizi mzuri na mabadiliko machache. Wakati wa uhai wake mlango wa ukumbi ulikuwa wazi mchana na usiku kwa muda mrefu, na hapakuwa na kiingilio.

Kuna alama nyingine za kuangalia: mwalimu asiyekubali kuulizwa, anayetaka siri, anayegusa miili ya wanafunzi wake, au anayeita kila pingamizi "umimi wako unaongea". Ondoka hapo.

Ni lazima kuwa na guru?

Mapokeo yanasema ndiyo. Ramana mwenyewe hakuwa na guru wa kibinadamu. Alisema guru wake ni Arunachala, mlima. Aliwaambia wengine kwamba guru wa nje yupo ili kukusukuma uingie ndani, na wa ndani anakuvuta. Aliye mbali na mwalimu yeyote na anacho kijitabu kile bado ana pa kuanzia.

Tangu nianze zoezi nahisi kama siko, dunia kama ndoto, na naogopa. Ndiyo kuamka?

Tafadhali acha zoezi kwa sasa. Hali ya kujihisi umetengana na mwili wako, vitu vimekuwa bapa, hofu haishi na usingizi hauji, inaweza kusababishwa na msongo mkubwa, kiwewe, bangi au ugonjwa wa akili, na inatibika. Utambuzi unaozungumzwa humu hauambatani na hofu ya kupotea. Waliouelezea huuelezea kama kurudi nyumbani. Kula vizuri, lala, fanya kazi ya mikono, kaa na watu, mwone daktari wa afya ya akili. Na kama una mawazo ya kujidhuru, mwambie mtu leo, usingoje kesho. Swali "mimi ni nani?" limengoja karne nyingi, litangoja na wewe.

Naweza kwenda Tiruvannamalai?

Unaweza. Mji uko takriban kilomita 190 kusini-magharibi mwa Chennai, na mabasi ni mengi. Ashram, Sri Ramanasramam, iko wazi kwa wageni, na anayetaka kulala huandika mapema kuomba nafasi. Mapango mawili alimoishi yanafikika kwa miguu: Virupaksha, alipokaa tangu 1899 hadi 1916, na Skandashram juu yake, alipokaa hadi 1922. Watu huuzunguka mlima kwa miguu, kilomita kama 14, wengi wakiwa peku, na usiku wa mwezi mpevu barabara hujaa. Msimu wa Karthigai, Novemba au Desemba, moto mkubwa huwashwa kileleni na umati huwa mkubwa sana, hivyo anayetafuta ukimya achague mwezi mwingine. Aprili na Mei joto ni kali; anza kutembea kabla ya jua, na ubebe maji.